Kuacha mkorogo bila kujifungia ndani

Kopo usilitupe. Hilo ndilo la kwanza, na najua linakwenda kinyume na unavyotaka. Mtu akiamua kuacha mkorogo wa kujichubua huamua usiku, ana hasira, yuko mbele ya kioo, na kitu cha kwanza kinachomjia ni kulitupa kopo chooni. Mimi nimelitupa mara mbili. Mara ya kwanza nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa kwa dada wa saluni kule Majengo, shilingi elfu kumi na tano mkononi, uso unawaka kama nimepakwa pilipili, namwomba anikorogee lingine.

Nilijichubua miaka sita, toka nina 23 mpaka 29. Sasa nina 34, nashona nguo Pasua, hapa Moshi, na kabla ya cherehani nilifanya kazi hotelini Arusha. Si daktari. Ninaandika njia niliyopita na yale niliyoambiwa na watu wa ngozi, pamoja na jambo moja ambalo hakuna daktari aliyeniambia: ngozi inapona kabla ya kioo, na ukishughulikia ngozi peke yake utarudi saluni.

Kama umefungua hapa upate maneno ya kumsuta shoga yako anayejichubua, ishia hapa. Sijaona mwanamke aliyeacha kwa sababu kaitwa "uso Fanta, vidole Coca-Cola". Niliitwa hivyo kwenye Coaster nikitoka Arusha. Konda alicheka, gari zima likacheka naye. Nilipofika nyumbani nilianza kupaka mpaka vidole.

Kopo na wewe, kwa daktari

Lifunge kwenye gazeti, litie kwenye pochi, nenda nalo. Kama una tyubu na vichupa vilivyoingia kwenye huo mkorogo, beba na maboksi yake. Mkorogo wangu ulikuwa losheni moja, tyubu mbili za dawa ya ngozi ya duka la dawa, na kichupa kidogo cha maji yenye harufu ya chuma ambacho dada wa saluni alikuwa anakimimina akiwa amegeuka upande. Alivikoroga kwenye kopo la siagi kwa kijiti cha aiskrimu. Sikuwahi kuuliza kile kichupa ni nini. Mwanamke anayekagua nyanya moja moja pale Mbuyuni asipunjwe, hakuuliza anapakwa nini usoni.

Moshi tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, wanasomea hapo madaktari na matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, na hapohapo inatengenezwa losheni ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Mimi nilianzia hospitali ya Mawenzi nikaandikiwa barua. Ukiwa Arusha anzia Mount Meru uulize kliniki ya ngozi. Usiogope kuwa kioja, kwa sababu hao watu wameona mengi kuliko uso wako.

Nilipoingia, daktari aliniuliza, "Mama, unapaka nini?"

"Mafuta ya kawaida tu, daktari."

"Nioneshe mikono."

Nikaitoa. Akaangalia sugu za vidole, zile nyeusi ambazo mkorogo hauziwezi, akairudisha mikono yangu mapajani taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe. "Sikuulizi nikugombeze. Nataka kujua nakutoa wapi." Ndipo nikalitoa kopo.

Alichonieleza nitakisema kifupi. Kwenye mikorogo kuna maadui watatu, na mara nyingi wako pamoja. Wa kwanza ni steroidi, hizo dawa za tyubu. Ni dawa nzuri kwa ukurutu, ukipaka siku chache mahali padogo. Ukipaka mwili mzima kwa miaka, ngozi inakuwa nyembamba: mishipa inaonekana mashavuni, michirizi inatoka mapajani, chunusi hazikauki, ndevu zinachungulia kidevuni, na fangasi wanatambaa kimyakimya kwa sababu dawa imewazima wasiwashe. Wa pili ni haidrokwinoni, inayoizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Kwa muda mrefu, hasa ukiwa juani, huacha madoa meusi ya kibuluu mashavuni ambayo hayatoki kirahisi. Wa tatu ni zebaki. Hiyo inakwenda hadi kwenye figo, na inamfikia mtoto aliye tumboni. Ukiwa na mimba au unanyonyesha, liseme hilo kabla hata hujakaa. Vipodozi vyenye vitu hivi vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 wanaosimamia vipodozi ni TBS, shirika la viwango, lakini dada wa saluni haangalii orodha ya mtu.

Sasa sikiliza siri ya siku ya tisa. Steroidi huibana mishipa midogo ya damu. Ukiiacha ghafla, mishipa inafunguka yote kwa pamoja: uso unakuwa mwekundu, unavimba, unawasha, unachoma. Wewe unadhani ndiyo sura yako halisi inakudhuru, na kwamba mkorogo ulikuwa unakulinda. Hapana, ni dawa inadai. Na kama ulikuwa unapaka mwili mzima miaka mingi, dawa imeingia hadi kwenye damu, na tezi zilizo juu ya figo zimezoea kutofanya kazi. Ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu na kizunguzungu kikakuangusha. Ndiyo maana mimi nilishushwa ngazi kwa ngazi: dawa yenye nguvu, kisha dhaifu, kisha siku moja napaka siku moja naacha, huku mkojo na figo zikipimwa. Ratiba yangu siiandiki hapa kwa makusudi. Yako apange aliyekuona wewe.

Miezi mibaya

Ukiweza kuchagua, anza Juni. Mlima umejifunika, Moshi kuna ubaridi, na mtu akivaa mikono mirefu na kofia hakuna anayeuliza. Kuanza Januari na jua lile la Pasua ni kujitesa. Lakini kama leo ni Januari na daktari kakwambia anza, anza.

Vitu vya kununua ni vinne: mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, sabuni laini isiyo ya dawa, losheni ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi, na kofia pana. Uso ukiwaka, loweka kitambaa cha pamba kwenye maji baridi, kamua kidogo, laza usoni dakika kumi. Usipake limau, wala dawa ya meno, wala magadi. Jirani yangu aliniletea manjano yaliyochanganywa na kitu akisema ni "ya asili". Zebaki nayo ni ya asili, nilimjibu, akanuna wiki nzima.

Rangi hairudi kama pazia linaloteremka. Inarudi kama ramani. Kwangu ilianza kwenye paji la uso, ikashuka kwenye kingo za midomo, mashavu yakabaki mekundu kwenye kona zake kwa miezi. Watu watasema. Niliulizwa kama nimeungua na mafuta ya maandazi, kama naumwa ini, na mama mmoja sokoni akanihakikishia nina mimba ya mtoto wa kiume. Usimweleze kila mtu. Chagua sentensi moja na uitumie kwa wote: "Natibiwa ngozi." Ni kweli tupu, na ina neno "natibiwa" linalomfanya Mtanzania apunguze sauti na kusema pole.

Wakati huu ndio wengi wanajifungia ndani, na mimi nilijifungia wiki tatu. Kosa. Ukikaa ndani unabaki na kioo peke yake, na kioo kina sauti. Kilichonitoa ni mteja aliyetaka sare ya harusi: ilibidi nikampime. Nilimpima mabega nimeinamisha kichwa, yeye anaongea habari za kamati na michango, hakuniangalia usoni hata mara moja. Nilirudi nimechanganyikiwa kidogo. Nilidhani uso wangu ni habari ya mji mzima.

Hesabu midomo

Ngozi ilitulia baada ya miezi kama minane. Kioo hakikutulia. Asubuhi moja nilijiona kwenye dirisha la gari lililoegeshwa karibu na Mnara wa Saa, mweusi, mzima, ngozi safi, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa "unaharibu picha". Nikasimama palepale. Hayo maneno si yangu. Ni ya nani?

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanzia, na hii ndiyo hatua ambayo ningekwambia usiiruke hata ukiruka zote. Chukua daftari la shule. Andika nani alisema nini, wapi, mwaka gani. Usiandike ulivyojisikia, hayo yatakuja yenyewe na yatakuchelewesha. Andika kama karani wa mahakama: mdomo, maneno, mahali. Nitakuonesha baadhi ya yangu.

Babu yangu ni Mmakonde wa Newala. Alikuja huku kaskazini kama manamba wa mkonge, akaishia kwenye miwa ya TPC, Arusha Chini, shamba ambalo Wadenishi walilianzisha miaka ya 1930. Nilizaliwa kambini. Kambini kulikuwa na Waha, Wangoni, Wanyamwezi, Wapare, kila mtu ametoka kwao, kwa hiyo hakuna aliyekuwa mgeni. Bibi alikuwa na chale usoni, mistari iliyopandana kama ukindu wa mkeka, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya ambayo alishaacha kuivaa. Jumamosi tukipanda gari kuja Moshi sokoni, alikuwa anaivuta kanga mpaka puani tangu gari linapoondoka, na haishuki mpaka turudi. Nilidhani ni vumbi la barabara. Nilikuwa na miaka kama kumi na moja nilipomsikia kijana sokoni akisema, "Mwone huyo bibi, kama kinyago." Bibi akaendelea kuchagua dagaa. Nikaandika: kijana wa dagaa, "kinyago", sokoni. Hayakusemwa kwangu, lakini niliyabeba.

Darasa la tano, shule ya mjini. Mpiga picha amekuja, tunapangwa. Mwalimu: "Wewe mweusi kaa nyuma, utaharibu picha." Kisha, wote wakicheka, "Tabasamu basi tukuone." Nikatabasamu. Hiyo picha ninayo, na usahihi ni kwamba naonekana vizuri kabisa. Aliyeharibika ni aliyekuwa mbele, alipepesa macho.

Arusha, nina miaka 23. Niliomba kazi ya mapokezi hotelini. Nina cheti, Kiingereza changu hakina shida. Bosi alinisikiliza, akasema vizuri, kisha akasema mbele wanahitaji mtu "mwenye mwonekano", atanitafutia nafasi ya vyumbani. Wiki ile mapokezi alikaa msichana mweupe tuliyesoma naye, ambaye alikuwa ananiomba mimi nimwandikie barua pepe. Nilitandika vitanda. Geti la hoteli hiyo, mlinzi ambaye ni mtu wa kwetu alinidai kitambulisho kila asubuhi kwa mwaka mzima, na wageni Wazungu waliokuja kunywa kahawa tu wakipita anawapigia saluti. Siku moja bomba limepasuka chumba namba 12, mgeni akanipita mimi niliyeshika spana na funguo za bomba, akaenda kumwuliza kijana wa kujitolea kutoka Ulaya aliyekuwa amekaa bustanini, ana siku tatu nchini, hajui hata choo kiko wapi. Kijana mwenyewe aliona aibu akamrudisha kwangu. Mwezi huohuo nilinunua kopo la kwanza.

Kazini nilikuwa napita kila siku pale Kaloleni, kwenye mnara wa Azimio la Arusha. Azimio lenyewe, la mwaka 1967, linaanza na imani ya TANU, na ya kwanza kabisa ni kwamba binadamu wote ni sawa. Napita na kopo kwenye pochi.

Kisha ukweni. Mume wangu ni wa Kibosho. Krismasi ya kwanza tulipopanda, shangazi yake alinipokea vizuri, tukala, na wakati wa kuosha vyombo nikamsikia akimwuliza mama mkwe, "Kwa hiyo kaoa chasaka?" Ambaye hajui, chasaka ni neno la Wachagga kwa asiye Mchagga, mtu wa porini huko. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kunitetea: "Afadhali huyu ni mweupe kidogo. Mtoto atatoka na rangi." Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kuliandika. Kwenye daftari zima lilikuwa ndilo neno zuri pekee, na halikuwa langu. Lilikuwa la kopo.

Nilipomaliza nilikuta midomo 11. Wawili walishakufa. Mwalimu wa picha nilikutana naye benki, nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, hakunikumbuka hata sura. Mtu amekaa kichwani mwangu miaka ishirini hajui kama yumo. Jambo la pili nililoliona: wanane wa kwanza wote ni weusi kama mimi. Ngazi ya rangi iliwekwa na wakoloni, hapa Tanganyika shule zilitengwa za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, na ngazi ilipoondolewa sisi tukabaki tunagombania vidaraja vyake wenyewe kwa wenyewe. Hilo halimsamehei mgeni wa chumba namba 12. Ila lilinisaidia kuacha kusubiri Mzungu abadilike ndipo nijione.

Ukimaliza orodha, weka alama kwa wale unaoendelea kuwasikia kwa masikio, si kwa kumbukumbu. Mimi walikuwa watatu tu. Hao ndio wa kushughulika nao. Wengine ni wa daftari.

Utani au dharau: jaribu kurudisha

Watakwambia ni utani. Na huku kwetu utani upo kweli, Mchagga na Mpare wanaweza kutaniana mpaka makaburini, asiyejua akadhani watashikana. Kipimo changu ni kimoja: utani una njia ya kurudi. Nikirudisha, mwenzangu anacheka, anatafuta kali zaidi. Nikirudisha akanuna, au akasema "huna adabu wewe", basi barabara ilikuwa ya upande mmoja.

Krismasi iliyofuata, shangazi akaliita tena jina lile, safari hii mbele yangu. Nikamwambia, "Eeh shangazi, chasaka ndiye aliyekushonea hilo gauni ulilovaa kanisani. Livue basi twende nalo porini." Wifi zangu walianguka kwa kicheko. Yeye mwenyewe alikaa kimya, akanikazia macho, kisha akacheka mpaka akakohoa. Toka siku hiyo ananiita chasaka nami namwita mteja. Kumbe kwake ilikuwa njia mbili, mimi ndiye sikuwahi kuipita.

Si kila mtu ni shangazi. Kwa wengine tumia haya, niliyoyajaribu:

"Umesemaje? Sijasikia vizuri." Sema kwa upole kabisa. Maneno ya dharau yanatoka kirahisi mara ya kwanza. Ya pili yana uzito, na wengi hawayarudii.

Getini, mlinzi akikudai kitambulisho huku wengine wanapita: toa kitambulisho kwanza, kisha uliza, "Kaka, na yule uliyempitisha sasa hivi ameacha cha kwake wapi?" Usibishane zaidi ya hapo. Yeye naye ana bosi, na unachotaka ni alijue swali.

Na kwa wale wa "Jamani, umekuwa mweusi!" nilitunga majibu mengi marefu, mengine ya kishairi. Lililofanya kazi ni "Eeh." Basi. Eeh, kisha unauliza bei ya vitunguu.

Kazini, usifanye nilivyofanya

Nilinyamaza, na hilo ndilo kosa. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu, na inataja kabila, mahali alikotoka na rangi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri vilevile, na humo "mfanyakazi" ni pamoja na anayeomba kazi. Kwa hiyo hata kwenye usaili unahesabika. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watu wanaiita CMA, Arusha ipo na Moshi ipo. Angalia siku: kama umeachishwa kazi una siku 30, kwa migogoro mingine siku 60. Mimi nilisikia habari hizi baada ya miaka mitatu.

Kwa hiyo ukitoka kwenye usaili kama ule wangu, jioni ileile andika tarehe, majina, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na nani mwingine alikuwepo. Tangazo la kazi lipige picha kabla halijafutwa. Ujumbe wa WhatsApp usiufute kwa hasira. Hata usipokwenda popote, utakuwa na kumbukumbu inayosema ni wao waliokosea, na siku za kioo kibaya karatasi hiyo inasaidia.

Simu na mwanasesere

Simu nyingi zinakuja na kamera inayong'arisha sura bila kukuomba ruhusa. Fungua kamera ya mbele, tafuta alama ya urembo, mara nyingi ni uso mdogo au kijiti chenye nyota, vuta mpaka sifuri. Mimi niliacha mkorogo mwaka mzima huku kamera inanipaka kila siku. Piga picha nje, kivulini, asubuhi, si chini ya taa ya saluni. Ya kwanza itakushtua. Piga kila Jumapili, usiifute, usimtumie mtu.

Niliacha kwa sababu nilitaka mtoto, na nilimpata. Ana miaka minne, ni mweusi kama bibi. Pale Memorial kwenye mitumba wanasesere wote ni wa nywele za njano, kwa hiyo nilimshonea wangu kwa kitambaa cha kahawia, nikamsuka nywele za sufu, nikajiona mama bora wa mkoa. Nilishasoma habari za wanasaikolojia Weusi wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, ambao miaka ya 1940 walikuwa wakiwapa watoto Weusi wanasesere wa rangi mbili wachague, na wengi wakachagua mweupe. Matokeo yao yalitajwa hata kwenye hukumu ya 1954 iliyokataza kutenga shule kwa rangi. Basi nikawaweka wangu wawili mkekani, moyo unadunda. Akamchukua wa njano. Nikauliza, kwa nini huyo? "Anafumba macho, mama." Wangu nilikuwa nimemshonea vifungo. Bado natafuta macho yanayofumba.

Kitambulisho

Jambo la mwisho halina daktari wala sheria. Kitambulisho changu cha taifa kilipigwa picha mwaka wa nne wa mkorogo. Kinanionesha mtu wa rangi ya chapati. Mwaka jana laini yangu ya simu iliharibika nikaenda kwa wakala pale stendi kuirudisha. Akaangalia kadi, akaniangalia, akaigeuza kadi kama vile nyuma kuna mwingine. Foleni ndefu, watu wameshaanza kunyosha shingo.

"Dada, huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Hapo nilikuwa najichubua."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, foleni ikasikia yote. Akasita, akasogeza kile kimashine. Nikaweka kidole gumba, chenye sugu yake. Kikasoma mara ya kwanza.